Korosho ya Kibogoyo

Siku ya tatu ya msiba, saa tisa alasiri. Wanawake wamebaki wachache mkekani, chai imepoa kwenye birika. Bibi kaegemea ukuta, miguu kainyoosha, kanga kajitanda mpaka usoni. Halii kwa sauti. Mabega tu ndiyo yanatikisika.

Kitinda akaenda kusimama mbele yake.

Kitinda ni kitindamimba wangu. Wakati ule alikuwa na miezi 16, na mdomoni alikuwa na nusu korosho ambayo mpaka leo sijajua kapewa na nani. (Korosho haipewi mtoto wa umri ule, humkwama kooni. Lakini huku kwetu msimu ukishapamba moto, korosho zimo mpaka kwenye mifuko ya sare za shule. Utamlinda mtoto na wangapi?) Nikawa najinyanyua nikamtoe pale. Akaniwahi. Akaitoa korosho mwenyewe, imelowa, ina alama za meno, akaifunua kanga ya Bibi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamsukumia Bibi mdomoni.

Bibi hana jino hata moja.

Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujiiba. Mmoja akasema, "Masikini, mtoto hajui kitu huyu." Bibi akafumba mdomo akawa anamumunya. Kitinda alimtazama kidogo, akaridhika, akaenda zake kuchezea viatu vya watu mlangoni.

Wiki moja baadaye, nikiwa bado niko Mikindani, Mtwara, nyumbani kwa Bibi, nilikuwa nafua kanga zake. Kwenye pindo, pale anapofungia hela, nikakuta fundo. Ndani mna noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, na nusu korosho.

"Bibi, hii si ya kutupa?"

"Iache," akasema. "Aliyenipa alikuwa ananiangalia."

Hajui kitu

Yule mama hakusema kwa ubaya. Ndivyo tunavyosema wote. Mtoto mdogo hajui kitu, kwa hiyo tunagombana mbele yake, tunamwambia marehemu amesafiri, tunalia chumbani tukitoka tunajifuta tunasema moshi. Lakini kama hajui kitu, ile korosho ilitoka wapi? Hakuombwa. Na kwa mtu wa miezi 16 kutoa kilichomo mdomoni si jambo dogo. Jaribu kumwomba uone.

Mimi nauza dawa dukani, si mtaalamu wa saikolojia. Lakini watoto wakilala starehe yangu ni kusoma kwenye simu, na kwa wiki kadhaa nilisoma jambo hili moja tu.

Mwaka 1997, kule Berkeley, Marekani, Betty Repacholi na Alison Gopnik waliwawekea watoto bakuli mbili. Moja ina biskuti za chumvi, nyingine ina brokoli mbichi. Watoto karibu wote wakapenda biskuti, kama ambavyo ungetegemea. Kisha mtafiti akaonja vyote viwili mbele ya mtoto. Biskuti akaikunjia uso, brokoli akaichangamkia kama mtu aliyepata pweza wa nazi. Halafu akanyoosha kiganja: nipe.

Watoto wa miezi 14 wakampa biskuti. Wa miezi 18 wakampa brokoli.

Yaani mdogo anajua kwamba huyu mtu anataka kitu, ila kitu kizuri anachokijua ni kimoja, kile anachokipenda yeye. Miezi 4 baadaye anaweza kumpa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe asingekitia mdomoni.

Kitinda alikuwa katikati pale pale. Kwa hiyo jibu lilikuwa jepesi: alimpa Bibi kile kinachomtuliza yeye. Nilitakiwa nizime simu nilale.

Sikulala, kwa sababu kuna jambo lilitangulia. Kabla hajaifunua ile kanga, Kitinda aligeuka akaniangalia.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 1985, wa James Sorce, Joseph Campos na wenzao. Watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo, na mahali fulani chini ya kioo palionekana kama pameshuka, shimo la kutia shaka tu, si la kutisha. Mama yuko ng'ambo. Haruhusiwi kusema, anatumia uso tu. Mama alipoonyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja.

Hata mmoja!

Sasa uso wangu pale mkekani ulikuwa unasema usimsumbue Bibi. Naujua uso wangu ule. Dada yake Kitinda akiuona hurudisha mkono hata kama sahani iko mbele yake. Kitinda aliuona vizuri kabisa, na akavuka.

Hapo ndipo nilipokwama. Kusoma uso wa mama ili ujue wewe upite au usipite ni jambo moja. Kuuona uso wa mama unakukataza, ukaenda kwa anayelia, ni jambo jingine. Au labda aliuona akadhani nakuja kumnyang'anya korosho yake, akaikimbiza mahali salama, mdomoni mwa mtu mwingine. Hilo nalo linawezekana. Mume wangu ndivyo anavyoamini mpaka leo.

Pole ya kiti

Neno la tano au la sita la Kitinda lilikuwa "poe".

Kiti kikianguka, poe. Kuku akifukuzwa jikoni, poe. Baba akirudi na jasho lake, poe, kwa kuwa amenisikia nikisema pole na kazi. Siku moja alimng'ata dada yake begani. Akaachia, akaitazama alama, akasema "poe" kwa sauti ya mpita njia asiyehusika na tukio.

Dada mtu alilia kwa hasira kuliko maumivu. "Aseme samahani! Siyo pole!"

Nilimbembeleza haraka haraka nikarudi kwenye ugali wangu. Ni usiku ndipo nililielewa lalamiko lake. Dada alikuwa hajatimiza miaka 5, na tayari anajua kwamba pole inaweza kutolewa na yeyote aliyekuona umeumia, lakini samahani inadaiwa kwa aliyekuumiza. Hilo hakufundishwa na mtu kwa kukalishwa chini. Unyago wake bado uko mbali. Amelisikia tu hewani.

Judy Dunn na wenzake waliandika mwaka 1991 kuhusu watoto waliofuatiliwa majumbani kwao. Wale ambao katika umri wa miaka 3 walikuwa wakisikia na kushiriki zaidi maongezi ya hisia, nani kakasirika, yule analia nini, walipofika miaka 6 walikuwa wepesi zaidi kutambua mtu mwingine anajisikiaje. Nikajiona tajiri. Sisi watu wa pole na safari, pole na jua, pole na msiba, pole na kuuguza, mtoto wetu hutajiwa hali za watu mara ngapi kabla ya chakula cha mchana?

Ila pole ina upungufu wake, na sikuwahi kuufikiria. Pole inaitaja hali ya mtu. Haimuulizi anataka nini.

Mjomba akisema

Aliyefariki alikuwa mdogo wake Bibi. Walikuwa wanakaa wawili katika nyumba ile ya Mikindani tangu wote wamefiwa na waume zao, wanagombania redio, wanapikiana uji.

Baada ya arobaini mjomba akaita kikao. Kwetu mjomba akisema, amesema. Akasema Bibi hawezi kulala peke yake, aende mjini, kwangu, Chuno. Ila niwe mkweli: wazo lile nilimpa mimi, kwenye simu, siku mbili kabla. Nilikuwa nimeshaandaa chumba. Godoro jipya. Feni. TV ndogo tuliyokuwa nayo sebuleni. Choo ndani. Kule Mikindani choo kiko nyuma ya nyumba, na usiku huenda na tochi akipapasa ukuta. Nani asingemwonea huruma?

Bibi akasema, "Haya, wanangu."

Lile "haya" nililisikia kama furaha.

Siku za kwanza alikaa mbele ya TV mikono mapajani, kama mtu aliye foleni hospitali. Nikimuuliza, "Bibi, uko vizuri?" anajibu, "Nashukuru." Chakula akawa anasaza. Nikamwambia pole na ugeni, nikamwongezea mto.

Ndoo ya aiskrimu

Katikati ya siku hizo nikaamua kumfanyia Dada majaribio yangu mwenyewe. Nimeshasoma ya kutosha, naona nami naweza.

Mwaka 1987 Josef Perner, Susan Leekam na Heinz Wimmer waliwaonyesha watoto kopo la pipi ambalo ndani lina penseli. Mtoto akishaona penseli, anaulizwa: mwenzako ambaye hajafungua atadhani mna nini? Wa miaka 3 wengi husema penseli. Ukishajua jambo, unaona dunia nzima inalijua.

Kopo la pipi sina. Lakini nyumba gani haina ndoo ya aiskrimu kwenye friza? Yetu ilikuwa na mbaazi za kuchemsha zilizoganda. Nikamfungulia Dada akaona. Nikafunga.

"Baba akirudi, hajafungua, akiiona hii atadhani mna nini?"

"Aiskrimu!" Akacheka mpaka akajishika tumbo.

Nikafurahi, mtoto kapita. Nikaendelea.

"Sasa hapo hajaifungua, kaishika tu hivi. Anajisikiaje?"

"Amenuna."

"Kwa nini?"

"Si mbaazi!"

"Anajua kama ni mbaazi?"

"Hajui."

"Kwa hiyo anajisikiaje?"

"Mama. A-me-nu-na." Kwa sauti ya kumwonea huruma mtu mzito wa kuelewa.

Kumbe Paul Harris na wenzake walikuwa wamelikuta jambo hili mwaka 1989, kwa hadithi za wanyama, ndovu mpenda soda na tumbili mtundu aliyebadilisha kinywaji koponi. Watoto wakubwa walijua kwamba ndovu, kabla hajaonja, anafurahi, kwa sababu anadhani ni soda. Wadogo walimpa ndovu huzuni ya kile ambacho wao walishakiona koponi. Mtoto huanza kujua mwenzake anadhani nini, halafu baadaye tena ndipo ajue kwamba furaha ya mwenzake inatokana na anachokidhani yeye.

Dada alikuwa na mbaazi kichwani, akazitia moyoni mwa baba yake.

Bibi alikuwa kwenye kiti anatutazama. Hakusema neno. Baba mtu alirudi saa moja, akaishika ndoo, na kabla hata hajafungua akauliza, "Mbaazi au maharage?" Ameoa miaka 9 sasa. Utafiti wangu ukafia hapo.

Marahaba

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, naanika nguo. Dada kajifunga kanga ya Bibi, kaburuta ndoo, kaipindua, kaikalia, uso kaelekeza getini. Geti letu ni la bati na limefungwa.

"Marahaba," akasema.

Kimya.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kimya. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeendelea kumtazama anayepita.

"Unacheza mchezo gani?" nikamuuliza.

"Mimi ni Bibi."

"Na unaongea na nani?"

"Watu wananiamkia."

"Watu gani? Mbona hamna watu."

"Eeh," akasema. "Hamna."

Akaendelea kucheza. "Marahaba."

Niligeuka nikatazama dirisha la chumba cha Bibi. TV ilikuwa inaongea peke yake. Yeye alikuwa dirishani, nyuma ya wavu, anautazama ukuta wa uzio. Uzio ule tumeujenga kwa mkopo, nimejivunia kila tofali lake.

Baraza ya Bibi kule Mikindani iko kandokando ya njia. Tangu alfajiri wanapita watoto wa shule, wanapita wavuvi na ndoo zao, muuza pweza, mama wa vitumbua, vijana wa bodaboda ambao wakimfikia yeye hupunguza mwendo. Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi. Mimi nikienda kumtembelea nilikuwa naona kelele na vumbi, nikisema moyoni, masikini, hapumziki.

Kiswahili chetu hisia nyingi tunazipitisha machoni. Tunaona haya, tunaona wivu, tunaona fahari. Huruma nayo tunaiona, ila hatuishii kuiona, tunampelekea mtu: tunamwonea. Nimemwonea Bibi huruma. Nikiwa nimeshika nguo mbichi pale kambani sentensi ile ilinijia, na kwa namna fulani neno la mwisho likadondoka.

Nimemwonea Bibi.

Watoto wangu hulitumia kutwa nzima. "Mama, Kitinda ananionea!" Kitenzi ni kile kile.

Wale wa miezi 18 walimpa yule mtafiti brokoli. Mimi nina miaka 37.

Na bado sijui kwa nini Dada, ambaye wiki moja kabla alishindwa swali la ndoo ya aiskrimu, aliliweza hili. Labda kwenye ndoo nilimtaka aeleze kwa maneno, na huku alikaa tu pale Bibi anapokaa, akavaa anachovaa, akaangalia anakoangalia. Labda majaribio yangu yalikuwa mabovu. Vyote viwili vinawezekana.

Nikaingia ndani nikazima TV.

"Bibi, unataka kurudi nyumbani?"

"Nani kakwambia?"

"Mtoto."

"Mtoto hajui kitu," akasema, akajifunika mdomo kwa kanga. Nilijua anacheka kwa mabega.

"Sasa mbona ulikubali kuja?"

Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha pindo la kanga kidoleni. "Ulifurahi sana," akasema. "Uliponionyesha lile godoro. Ningekwambiaje?"

Feni, godoro, TV, mto wa pili. Vyote alikuwa amevifunga pindoni kwa sababu niliyempa nilikuwa namwangalia.

Jumamosi

Mjomba alinung'unika kwenye simu, kisha akakubali akiwa kama yeye ndiye aliyelitoa wazo. Nimemwacha nalo. Mjukuu wa marehemu anayesoma kidato cha pili hukohuko Mikindani amehamia kwa Bibi, na fundi katufungia taa nyuma ya nyumba, njia yote mpaka chooni. Godoro Bibi kaliacha kwangu. Feni kaibeba.

Jumamosi iliyopita tulikwenda wote. Kitinda sasa ana miezi 18, umri wa brokoli, nami kwa aibu nakiri nilikuwa namvizia. Alizunguka uani, akaokota, akaomba, akapata korosho ya kukaanga kwa jirani, nzima, akaja nayo mbio mpaka barazani, akamsukumia Bibi mdomoni vile vile kama siku ya msiba.

"Bibi hana meno, wewe!" Dada akamnyang'anya. Kitinda akaangusha kilio. Dada akaingia jikoni, akatoka na kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, akachuchumaa na kutwanga, huku kamkamatisha Kitinda mchi kwa juu ili anyamaze. Walitwanga muda mrefu, mkono juu ya mkono. Nusu ilimwagikia mchangani. Kilichobaki wakamimina kwenye kiganja cha Bibi.

Bibi akalamba. Akakunja uso.

"Ina saumu."

"Nzuri?" Dada akauliza, kainamia uso wake kabisa. "Bibi, nzuri au mbaya? Sema kweli."

Bibi hakuwahi kujibu. Njiani alikuwa anapita kijana na baiskeli, ana madumu mawili ya maji, akapiga kengele.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba!" akaitika, unga wa korosho ukimrukia kidevuni.